Ploti kwanza, ghorofa baadaye

Mwalimu aliyeajiriwa na serikali katika shule ya msingi mjini Garissa hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake kila mwezi kugharamia nyumba za bei nafuu, na mwajiri wake huongeza kiasi kama hicho. Ndivyo inavyoagiza Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu iliyotiwa saini Machi 2024, miezi michache baada ya Mahakama Kuu kuitupilia mbali tozo ya kwanza. Karani wa Nairobi naye hukatwa vivyo hivyo. Kwenye kutoa, wawili hawa ni sawa. Kwenye kupokea ndipo njia zao zinapoachana.

Karani wa Nairobi anaweza kujisajili kwenye mfumo wa Boma Yangu, akadunduliza malipo ya awali, kisha akalipa pole pole kwa miaka mingi pamoja na riba ya chini. Mwalimu wa Garissa, kama walivyo majirani zake wengi, ni Mwislamu, na riba ikishushwa namna gani kwake hubaki riba. Tena yumkini nyumba anayo tayari: vyumba viwili vya mabati ndani ya ua, kwenye ploti aliyouziwa kwa maandishi ya mkono mbele ya wazee na mashahidi. Hati miliki ndiyo hana. Bomba la maji liko mitaa miwili kutoka kwake, choo ni cha shimo, na mvua ikinyesha pikipiki haifiki mlangoni. Ukimuuliza ushuru wake umfanyie nini, sidhani ataanza na ghorofa.

Ndiyo maana nashikilia kwamba viongozi wetu, wa taifa na wa kaunti, wameianza kazi hii kutoka mwisho. Katika miji ya Kaskazini Mashariki nyumba ya bei nafuu huanza na ardhi iliyopimwa na kuandikwa jina la mwenyewe, ikafuatiwa na maji, barabara na mtaro. Kuta watu hujijengea. Wamejijengea siku zote.

Ukivuka daraja la Tana ukitokea Mororo unaiona Garissa jinsi ilivyokua. Barabara kuu ina maduka, mahoteli, benki na ghorofa chache. Ukikata kushoto au kulia, unaingia kwenye bula, yaani mitaa ya makazi: Bula Iftin, Bula Mzuri, Bula Sheikh, Bula Punda na nyinginezo nyingi zinazoendelea kuzaliwa pembezoni. Bula changa huwa na nyua za miiba na vibanda vya mviringo vilivyofunikwa mikeka, maturubai na magunia. Bula iliyokomaa ina nyua za mabati, milango ya chuma iliyopakwa rangi, na nyumba za mawe zilizoongezwa chumba baada ya chumba kadiri mifugo ilivyouzwa au ndugu walivyotuma pesa kutoka Nairobi na ng'ambo. Saa nane mchana, ndani ya nyumba ya mabati isiyo na dari hakukaliki, kwa hiyo maisha yote huhamia chini ya mti au kivuli kilichojengwa uani, palipo na jiko, birika, mkeka na wageni. Maji huletwa na mkokoteni wa punda, na anayenunua kwa mtungi hulipa zaidi, lita kwa lita, kuliko jirani mwenye bomba la kampuni ya maji. Hiyo ndiyo nyumba ambayo sera ya taifa inapaswa kuifahamu kabla ya kuchora ramani ya ghorofa.

Mji huu haukukua ovyo kwa sababu watu wake hawapendi mpango. Ulinyimwa mpango. Waraka wa Kikao Nambari 10 wa 1965, uliozungumzia ujamaa wa Kiafrika na mipango ya uchumi, ulielekeza fedha za maendeleo kwenye maeneo yenye mvua, ardhi yenye rutuba, reli na barabara, kwa imani kwamba faida ingewafikia wengine baadaye. Wakati huo Kaskazini Mashariki ilikuwa ndani ya vita vya Shifta, vilivyodumu kuanzia 1963 hadi 1967. Wafugaji walikusanywa kwa lazima katika vijiji vilivyolindwa na askari, na mifugo mingi ikapotea. Sheria za hali ya hatari zilibaki mpaka 1991. Kwa karibu miaka 30, afisa wa serikali aliyepelekwa Garissa alikwenda kulinda, na ofisi za kupanga mitaa, kupima viwanja na kuchimba mitaro zilisubiri.

Kisha kuna Bula Karatasi. Novemba 1980, baada ya maafisa wa serikali kuuawa kwa risasi mjini, vikosi vya usalama viliuchoma mtaa huo. Wakazi walisombwa hadi uwanja wa Shule ya Msingi ya Garissa wakazuiliwa siku tatu bila chakula wala maji. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaandika haya katika ripoti iliyokabidhiwa kwa Rais Uhuru Kenyatta Mei 2013, pamoja na mauaji ya Wagalla ya Februari 1984 huko Wajir. Machi 2015 Rais aliomba radhi kwa niaba ya taifa na kutangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 wa kuwafidia walioathirika. Hadi leo wapo wazee Garissa ambao, ukiwatajia serikali na nyumba katika sentensi moja, kitu cha kwanza kuwajia ni moto. Kiongozi anayekuja kuzungumzia makazi bila kuijua habari hiyo hataelewa kwa nini watu wanataka karatasi kabla ya kitu kingine chochote. Mtaa usiokuwa na hati ni mtaa ambao dola inaweza kusema haukuwahi kuwepo.

Woga huo umepeleka mtaji mbali. Mapema miaka ya 1990, nyumba ya kulala wageni iitwayo Garissa Lodge huko Eastleigh, Nairobi, iligeuzwa kuwa maduka, chumba kimoja duka moja, na kutokana na mwanzo huo mtaa mzima ukageuka kitovu cha biashara kinachohudumia nchi jirani. Jina ni la Garissa, lakini jengo, ajira na kodi ni vya Nairobi. Mfanyabiashara wa Kaskazini Mashariki aliyekuwa na milioni chache aliona ni heri azike fedha zake kwenye ardhi yenye hati, hata kama ni ghali na iko mbali na kwao. Nani angemlaumu?

Ugatuzi ulibadilisha mengi, na ni haki kusema hivyo waziwazi. Wajir ilipata lami yake ya kwanza mjini chini ya serikali ya kaunti, nusu karne baada ya uhuru. Mandera nayo hali kadhalika. Garissa iliingizwa katika mradi wa kuboresha makazi duni, KISIP, ulioanza 2011 katika miji 15, ukaleta barabara na taa kwenye baadhi ya bula. Baadaye ukaja mpango wa Benki ya Dunia wa kusaidia miji, ambao sharti lake lilikuwa kila mji uwe na mkataba wa manispaa na bodi yake. Magavana wawili waliopokezana ofisi tangu 2013, Nathif Jama Adam, kisha Ali Bunow Korane, kisha Nathif Jama tena kuanzia 2022, wote wameahidi mji wenye lami, taa na soko la kisasa, na kila mmoja ana kipande cha kuonyesha.

Lakini barabara hutengenezwa kwa ufadhili na huzinduliwa kwa utepe. Upimaji wa ardhi hauna utepe. Ni kazi ya miaka, yenye kelele, yenye madai ya koo mbili juu ya uwanja mmoja, yenye mwanasiasa ambaye binamu yake amejimegea kona ya shule. Hakuna anayepigiwa makofi kwa kuweka vigingi. Hapo ndipo uongozi hupimwa, na hapo ndipo wengi hupaepuka.

Ugumu huo una sababu zake. Sehemu kubwa ya ardhi ya kaunti hizi ni ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa, na kwa Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 serikali ya kaunti huishikilia kama mdhamini mpaka jamii yenyewe isajiliwe. Pembezoni mwa mji, mahali malisho yanapokutana na ploti, mdhamini huyo ana kishawishi kikubwa. Barabara ya Lamu, Ijara hadi Garissa imeongeza bei ya kila kipande kilicho karibu nayo. Sheria ya Upangaji Ardhi ya 2019 inaitaka kaunti iwe na mpango wa matumizi ya ardhi ulioidhinishwa, na wananchi wana haki ya kuuona na kuupinga kabla haujapita. Ramani ya mji ambayo mkazi wa Bula Iftin hajawahi kuwekewa ukutani kwenye ofisi ya chifu si mpango wake.

Njia mbadala ya ghorofa inajulikana, na Afrika Mashariki imeijaribu. Katikati ya miaka ya 1970 Nairobi ilianzisha Dandora: viwanja takribani 6,000 vilivyopimwa, kila kimoja na maji, choo na njia, mwenyewe akajenga taratibu kadiri ya uwezo wake. Dar es Salaam ilifanya hivyo Sinza na Kijitonyama katika muongo huohuo. Dandora ilikuja kuharibiwa na msongamano, jaa la taka na ulegevu wa usimamizi, na hilo halipaswi kufichwa. Hata hivyo, Sinza ya leo ni mtaa wa watu wa kipato cha kati, wenye barabara zilizonyooka kwa sababu mtu fulani aliziacha wazi kabla ya ukuta wa kwanza kusimama. Garissa ina fursa ambayo Nairobi imeshaipoteza: bado kuna nafasi. Kupitisha njia ya maji taka kwenye bula ambayo haijajaa ni nafuu mara nyingi kuliko kubomoa nyumba za watu ili bomba lipite.

Ghorofa zenyewe sizikatai. Polisi, muuguzi na mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Garissa wanaotoka kaunti nyingine wanahitaji nyumba za kupanga zilizo salama, hasa katika mji ambao bado unabeba jeraha la Aprili 2, 2015, siku watu 148 walipouawa chuoni humo. Zijengwe. Lakini mchoro uwe wa Garissa. Familia yenye watoto saba na wageni wanaolala kila wiki haiingii kwenye vyumba viwili. Mama anahitaji ua usioonekana na jirani wa juu. Nyumba inayotegemea feni na umeme ili ikalike mchana ina kasoro iliyojengewa ndani, na inashangaza kuona madirisha madogo ya baridi ya nyanda za juu yakipelekwa kwenye joto la nyuzi 36.

Suala la riba lina majibu pia, yakitafutwa kwa dhati. Benki zinazofuata sharia za Kiislamu zimekuwepo Kenya tangu 2008, na zinajua kuuza nyumba kwa malipo ya awamu bila riba: benki inanunua, inaongeza faida inayojulikana tangu mwanzo, mteja analipa. Kuna pia njia ya kupangisha hadi kumilikisha. Mwaka 2024 hati fungani ya kwanza ya aina ya sukuku nchini, ya shilingi bilioni 3 kwa ajili ya nyumba, iliingia kwenye Soko la Hisa la Nairobi. Kama mfuko wa taifa wa nyumba unawakata Waislamu mishahara, basi uwe na dirisha lao la kununulia, limeandikwa kwenye kanuni, si ahadi ya jukwaani wakati wa Ramadhani.

Tena sheria yenyewe imewagawa Wakenya kwa kipato: anayepata chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi anastahili nyumba ya kijamii, na kati ya hapo na 149,000 anastahili ya bei nafuu. Sasa mchuuzi wa maziwa ya ngamia aandike kipato gani? Wiki hii mvua imenyesha na maziwa yamejaa, mwezi ujao ngamia wamehamia malisho ya Fafi. Mwenye mbuzi 80 ni tajiri au maskini? Ukame wa 2020 hadi 2023 uliwafukuza watu wengi malishoni wakaja kuishi kando ya mji wakiwa hawana mnyama hata mmoja. Hao ndio hasa walengwa wa nyumba za kijamii, na hao ndio wasiokuwa na karatasi ya mshahara wala akaunti ya benki.

Wengine hawana hata kitambulisho. Kwa miongo mingi vijana wa Kaskazini Mashariki walipitishwa kwenye kamati za kuwachunguza kabla ya kupewa kitambulisho, mpaka Rais William Ruto alipotangaza kuondoa utaratibu huo Februari 2025 alipozuru eneo hili. Maelfu ya Wakenya waliowahi kuandikishwa kama wakimbizi ili wapate chakula wakati wa njaa walijikuta wamefungiwa nje ya uraia wao, na shirika la Haki na Sheria lenye makao Garissa limekuwa mstari wa mbele kuwatetea hadi mahakamani. Bila kitambulisho hakuna Boma Yangu, hakuna ploti yenye jina lako, hakuna kitu. Ofisa wa usajili wa watu, kwa mtazamo wangu, ni ofisa wa makazi vilevile.

Na mama aliyejenga nyumba yuko wapi katika karatasi hizi? Katika maisha ya kuhamahama, kibanda ni mali ya mwanamke. Anapoolewa, mamake na ndugu zake wa kike humsukia mikeka na kumwandalia fito. Yeye ndiye huzipinda fito hizo, huzifunga kwa kamba alizosokota mwenyewe, hutandaza mikeka juu, na siku ya kuhama hufungua kila kitu na kukipakia juu ya ngamia. Talaka ikitokea, nyumba ni yake. Familia hiyohiyo ikihamia Bula Punda, ploti huandikwa jina la mume au kaka yake, na mwanamke aliyekuwa fundi na mmiliki anageuka mkazi tu. Mji umempa shule na zahanati, ukamnyang'anya nyumba. Dawa yake haihitaji mkopo wa nje: serikali ya kaunti ikiamua kwamba kila hati ya ploti ya familia katika zoezi la upimaji itatoka kwa majina mawili, itakuwa imefanya jambo kubwa kuliko jengo lolote. Sheria za nchi zinaruhusu. Na katika dini mali ya mwanamke ni yake. Sheikh wa mtaa akilisema hilo kwenye hotuba ya Ijumaa atasikilizwa kuliko waziri.

Kuna mto pia. Tana huleta uhai wa Garissa na huleta maangamizi yake. Mafuriko ya 1997, ya 2018, ya mwisho wa 2023 na ya Aprili 2024 yote yalizikumba bula na mashamba ya kando ya maji. Mwaka 2024 barabara ya kwenda Nairobi ilikatika upande wa Mororo, na mashua iliyokuwa ikivusha watu Kona Punda ikazama na kuua. Mafuriko haya hayaji kwa kushtukiza. Yanapitia Masinga na mabwawa mengine ya Seven Forks, na bwawa likifurika taarifa hutolewa siku kadhaa kabla maji hayajafika Garissa. Kwa hiyo suala ni wapi mtu ataenda na kama atakuwa na sababu ya kutorudi. Kila mara familia huhamishiwa kwenye mahema sehemu zilizoinuka, maji yakipungua hurudi, kwa kuwa huko juu walipewa hema bila ploti. Wapewe viwanja huko, vilivyopimwa, karibu na shule na soko, na ukanda wa mto ubaki kuwa wa migomba, miembe na malisho.

Kupanga huku kunahitaji hesabu ya watu, na hesabu hiyo ina mgogoro. Sensa ya 2019 ilitoa watu 841,353 kwa kaunti nzima ya Garissa. Viongozi wa eneo waliipinga, na Januari 2025 Mahakama Kuu ilifuta matokeo ya kaunti tatu za Garissa, Wajir na Mandera. Miaka kumi kabla ya sensa hiyo mambo yalikuwa kinyume: matokeo ya wilaya kadhaa za kaskazini, Lagdera miongoni mwake, yalikataliwa na waziri kwa madai ya kuzidi kiasi. Huku na huku, watu wanaogombaniwa hawachimbiwi kisima. Manispaa inaweza kuanza bila kungoja mahakama, ikahesabu nyumba, paa kwa paa, kwa picha za setilaiti na vijana wa mtaa wenye simu.

Kilomita kama 100 kaskazini mashariki mwa Garissa, jaribio kubwa zaidi la makazi linaendelea. Kambi za Dadaab zilifunguliwa 1991 kwa ajili ya watu 90,000, na sasa wanaoishi humo ni zaidi ya 400,000, wengi kuliko mji wa Garissa wenyewe. Wapo wakazi wa kambi ya Ifo waliozaliwa humo, wakasoma humo na kuzaa humo, wakiwa chini ya paa lililohesabiwa kuwa la muda. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 na Mpango wa Shirika uliozinduliwa Machi 2025 vinataka kambi zigeuke makazi ya kawaida yanayotumiwa na wakimbizi na wenyeji pamoja, na Dadaab imepewa hadhi ya manispaa. Wazo hili naliunga mkono kwa moyo wote. Lakini mfugaji wa Fafi ambaye miti yake ilikatwa kuni na visima vyake vikagawanywa kwa miaka 30 ana haki ya kuuliza ardhi itakuwa ya nani, na aulizwe yeye kabla ya wafadhili.

Sheria ya Miji imeipa manispaa bodi ya watu tisa, ikatenga nafasi kwa vyama vya ujirani na sekta isiyo rasmi, na ikaagiza kuwe na jukwaa la wananchi la kuhoji bajeti. Kisheria, basi, mchuuzi wa soko la Suuq Mugdi ana kiti. Tatizo ni kwamba bodi nyingi nchini hupewa ofisi na kunyimwa fedha, mambo ya mji yakiendelea kuamuliwa kwenye wizara ya kaunti. Uchaguzi unakuja Agosti 2027. Wanaoutaka ugavana wa Garissa, Wajir na Mandera watapita kwenye bula zote wakiomba kura, na waulizwe hapohapo uani: mtapima ploti ngapi kwa mwaka, bajeti ya bodi ya manispaa ni kiasi gani, hati zitatoka kwa majina ya nani, na ramani ya mji iko wapi tuione.